Moto Uliodhibitiwa Bado Unawaka

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye chumba cha habari, miaka mingi iliyopita, ikaingia habari ya moto wa msituni huko Marekani. Moto ulikuwa "40 percent contained". Nikaandika bila wasiwasi kwamba asilimia 40 ya moto imezimwa, nikaenda kunywa chai.

Asubuhi mhariri akaniita. "Kijana, hii asilimia 40 iliyozimwa umeitoa wapi?" Nikamwonyesha. Akachukua bahasha iliyotumika, akachora duara, kisha akaukoleza kwa wino ukingo wake mpaka karibu na nusu. "Huku nilikokoleza ndiko walikokata njia ya kukinga moto. Humu ndani," akagonga katikati ya duara kwa kalamu, "kote huenda kunawaka."

Tangu siku hiyo, nikilikuta neno dhibiti kwenye habari iliyotafsiriwa, huwa nasimama kidogo. Si neno baya. Asili yake ni Kiarabu, lina uzito, na nduguye dhabiti tunamjua. Ila tumelibebesha kupita kiasi. Mfumuko wa bei unadhibitiwa, malaria inadhibitiwa, umati wa watu unadhibitiwa, na mshambuliaji wa timu pinzani naye, beki anamdhibiti. Kiingereza kazi hiyo kimeigawa kwa maneno mengi, na kila moja bado linanuka pale lilipozaliwa.

Mengi yamezaliwa mgongoni mwa farasi. Curb ni mkanda au mnyororo unaopita chini ya taya la farasi ukashikana na lijamu. Mpandaji akivuta hatamu, unabana. Kwa hiyo benki kuu inayosema inataka "to curb inflation" haijaahidi kukomesha mfumuko wa bei. Farasi anaendelea kwenda, ila si kwa mbio anazozitaka yeye. Rein ndiyo hatamu yenyewe, na hapa mtafsiri wa Tanzania ana mtego wake. Sisi tumekua na usemi wa chama kushika hatamu, tangu miaka ya 1970, na kwetu kushika hatamu ni kuongoza. Kiingereza kinazishika hatamu hizo kwa namna mbili: "to take the reins" ni kuchukua uongozi, lakini "to rein in" ni kuzivuta ili mnyama apunguze mwendo. Waziri anayetangaza "to rein in spending" anabana matumizi. Nimewahi kusoma kwamba "ameshika hatamu za matumizi", na aliyeandika sidhani alijua kamtuhumu mheshimiwa jambo gani.

Refrain nayo chimbuko lake ni lijamu, kutoka Kilatini. Inachanganywa sana na restrain, ambayo asili yake ni kufunga kwa kamba. Tofauti ni ya nani anamzuia nani: refrain ni kujizuia mwenyewe, restrain ni kumzuia mwingine, au kitu, kwa nguvu. Milango ya ofisi zetu haikosi kibao kinachowaomba wageni "restrain from smoking". Kwa Kiswahili kosa hilo si rahisi kulifanya, maana silabi moja inamaliza kazi: zuia, jizuia. Wanadiplomasia wanapoziomba pande zinazopigana "to exercise restraint", hiyo ni -ji- kwa lugha ya suti na tai.

Check ilizaliwa kwenye sataranji. Mfalme wa Waajemi ni shah, na mchezaji aliyemtia mashakani mfalme wa mwenzake alilitamka jina hilo kama onyo. Neno likasafiri kupitia Kiarabu na Kifaransa, likafika Uingereza. Onyo likawa kizuizi, baadaye kizuizi kikawa ukaguzi. Kiswahili kimelipokea kwa milango miwili. Shaha lilitua pwani, tukampa cheo hicho mtunzi gwiji wa mashairi. Cheki likaja na Waingereza, nasi tunamwambia fundi acheki tairi. Mwandishi ajihadhari: "to check the spread of cholera" si kuukagua ueneaji wa kipindupindu. Ni kuuzuia.

Lakini neno linalonivutia kuliko yote ni control. Halikuanza na nguvu wala amri, lilianza na karatasi. Katika Ulaya ya zama za kati, hesabu ziliandikwa kwenye gombo, na nakala ya pili ikawekwa kando ili gombo la kwanza lilinganishwe nayo. Gombo hilo la kulinganishia Wafaransa waliliita contrerolle. Kutawala kulikuja baadaye, kwa mantiki ya kawaida tu: mwenye nakala ya hesabu ndiye mwenye kauli. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ina Mdhibiti wa Bajeti. Ofisi zote mbili zimebeba lile gombo la pili. Na kwa Kifaransa maana ya zamani haijafa kabisa: askari wa barabarani Lubumbashi au Bujumbura akisema "contrôle", anataka kuona karatasi zako.

Gombo hilo limejificha pia maabarani. Watafiti wakijaribu dawa mpya huwa na "control group", watu wasiopewa dawa hiyo, ili wenzao waliopewa walinganishwe nao. Mara kwa mara nakuta limeandikwa "kundi la udhibiti", kana kwamba watu hao wamewekwa chini ya ulinzi. Kundi linganishi ndilo jina lao.

Madaktari wana ngazi zao. Kwao kudhibiti ugonjwa ni kuupunguza hadi kiwango kinachovumilika, na juhudi ziendelee. Kuuondoa ni kutobaki na maambukizi mapya katika nchi au eneo fulani. Kuutokomeza ni duniani kote, na kwa magonjwa ya binadamu kumewezekana mara moja tu: ndui, iliyotangazwa kwisha mwaka 1980. Anayeandika kwamba nchi "imetokomeza" ugonjwa ilioupunguza kwa nusu anawapa wasomaji ruhusa ya kuacha chandarua.

Kwa upande wa moto mimi nimeshajiwekea utaratibu. "Contained" naandika umezingirwa, na nikipata nafasi naongeza kwamba bado unawaka. Umedhibitiwa nalisubiri mpaka zimamoto wenyewe waseme hautavuka njia waliyoikata. Umezimwa naliandika moshi ukishakwisha.