Jina la Unga Wako ni Mali: Lisajili Kabla Hujalitangaza

Hapa tumezoea kuongelea mbolea ya kupandia, viwavijeshi vamizi na bei ya mahindi. Leo tutaongelea kitu ambacho hakipandwi wala hakipaliliwi, lakini kinaweza kuibiwa kirahisi kuliko gunia lililolala barabarani. Kitu hicho ni jina la bidhaa yako.

Zamani kijana wa Mwimbi alilima, akapukuchua, akajaza magunia, dalali akaja na fuso, biashara ikaishia hapo. Gunia halikuwa na jina. Mahindi yakifika Dar es Salaam yalikuwa mahindi tu. Siku hizi mambo yamebadilika. Wapo wanaokoboa na kusaga sembe na kuifunga kwenye viroba vya kilo 5, 10 na 25. Wapo wa mafuta ya alizeti, wa unga wa ulezi, wa maharage yaliyochambuliwa vizuri, na wa asali. Kila mmoja ana jina kwenye kifungashio na namba ya simu chini yake. Hilo ni jambo zuri sana, lakini wengi wamefika hapo na kusimama.

Tuseme umeuza unga wako miaka mitatu. Mama lishe wa Sumbawanga mjini anautaja kwa jina, wenye maduka wa Laela na Matai wanapiga simu kabla mzigo haujaisha. Siku moja unakuta kiroba cha rangi ileile, jina lilelile au limebadilishwa herufi moja, na ndani kuna unga wenye pumba. Mteja anaununua, ugali unamshinda, anakulaumu wewe. Unamfuata mwenzio, anakuonesha cheti cha usajili, na jina limeandikwa kwake. Hapo utafanya nini?

Hapo ndipo watu huanza kumtafuta wakili, wakati alitakiwa atafutwe miaka mitatu nyuma.

Karatasi nne, kazi nne

Ukiwauliza vijana kama wamesajili jina, wengi watajibu "ndiyo afisa, ninayo ya BRELA". Ukiiangalia unakuta ni cheti cha jina la biashara. Tuziweke sawa karatasi hizi.

1. Jina la biashara: linaonesha ni nani anafanya biashara kwa jina fulani. Halikupi umiliki wa jina lililoko kwenye kifungashio.
2. Alama ya ubora ya TBS: inasema bidhaa imekidhi kiwango. Haisemi jina ni la nani.
3. Msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine dukani: hupatikana GS1 Tanzania. Ni utambulisho wa bidhaa, si umiliki wa jina.
4. Alama ya biashara: hii ndiyo hati ya jina, nembo au mchoro wako. Nayo hutolewa na BRELA, lakini kwa maombi tofauti na yale ya jina la biashara.

Sheria inayohusika Tanzania Bara ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Chini ya sheria hiyo, haki ya kulitumia jina peke yako kwenye bidhaa fulani hupatikana kwa kusajili. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Ukiendelea kuhuisha, jina linaweza kurithiwa na wajukuu.

Ambaye hajasajili bado ana njia ya kumshtaki anayeuza kwa mgongo wa jina lake. Lakini njia hiyo ina miiba. Lazima uthibitishe kwamba jina lilikuwa limeshajulikana kwa wateja kuwa ni lako, kwamba mwenzio anawapotosha, na kwamba umepata hasara. Mahakama inayotajwa na sheria ya alama ni Mahakama Kuu, kwa hiyo usitegemee kulimaliza kwenye mahakama ya mwanzo. Ni sawa na mgogoro wa mpaka wa shamba: mwenye hati anatoa hati, asiye na hati anazunguka kijiji kizima kutafuta mashahidi.

Sikia ya Ethiopia

Usidhani haya ni mambo ya viwanda vikubwa tu. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia ilipeleka Marekani maombi ya kusajili majina matatu ya kahawa yake: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Kahawa hizo zilikuwa zinauzwa ghali kwenye maduka ya nje, huku mkulima akipata kidogo. Aliyeongoza kazi hiyo ni mwanasheria Getachew Mengistie, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Ofisi ya Miliki Bunifu ya Ethiopia.

Njia haikuwa nyepesi. Kampuni ya Starbucks ilikuwa imetangulia mwaka 2004 kuomba kusajili jina refu lenye neno Sidamo ndani yake. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani nacho kikapinga, kikidai majina yale ni maneno ya kawaida ya kuelezea aina ya kahawa. Ubishani ulikwenda hadi Juni 2007, ndipo Starbucks na Ethiopia walipotangaza makubaliano: kampuni ikakubali kuyatumia majina hayo kwa leseni ya Ethiopia.

Kuna mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, wanasheria wa Ethiopia walikaa chini wakachagua njia kabla ya kuanza. Wangeweza kutafuta ulinzi wa kuthibitisha kila gunia limetoka eneo gani. Lakini kahawa ile inatoka kwa wakulima wadogo wengi mno, na kufuatilia kila gunia kungekula faida yote. Wakachagua alama ya biashara.

La pili, jina la mahali huleta ubishi. Nchi nzima, yenye serikali na mawakili, ilibishana miaka miwili. Wewe mwenye mashine moja ya kusaga utabishana muda gani? Hapa kwetu tunaijua hali ya mchele wa Kyela. Jina limepata sifa nchi nzima, na kila muuzaji analiandika kwenye kibao, hata kama mchele umetoka kwingine. Hiyo ni taabu ya jina ambalo halina mwenyewe wa kulikemea.

Wakili wa alama anafanya nini hasa?

Wengi wetu tunamjua wakili wa kesi za ardhi na jinai. Wakili aliyezoea mambo ya alama na matangazo kazi yake kubwa iko mezani, kabla ya ugomvi.

*Anachuja jina.* Ukimpelekea "Unga Bora Sumbawanga" atakurudisha. "Unga" ni bidhaa yenyewe, "bora" ni sifa ambayo kila mtu anaruhusiwa kujipa, na Sumbawanga ni mji wa wote. Hakuna kilichobaki cha kumiliki. Atakushauri utafute neno lisilotaja bidhaa, sifa wala mahali. Linaweza kuwa neno la kubuni, au neno la Kifipa ambalo halina uhusiano na unga. Nembo za serikali na bendera usiziguse, na jina la kumdanganya mteja kuhusu bidhaa ilikotoka halikubaliki.

*Anatafuta kama lipo.* Anapekua kumbukumbu za BRELA kuona kama kuna jina linalofanana, hata kwa kutamka tu. Kubadilisha K kuwa C hakukusaidii kitu kama sikio la mteja linasikia jina moja.

*Anachagua daraja.* Bidhaa na huduma zimegawanywa kimataifa katika madaraja 45. Unga, mchele na asali viko daraja la 30. Mafuta ya kula yako daraja la 29. Mbegu, nafaka ambazo hazijasindikwa na chakula cha mifugo viko daraja la 31. Kila daraja lina maombi yake. Kwa hiyo ukisajili jina la unga pekee, halafu mwakani ukaanza kukamua alizeti kwa jina lilelile, mafuta yako hayana ulinzi wa usajili huo.

*Anafuatilia tangazo la maombi.* Maombi yakipita ukaguzi hutangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Hapa wakili ana kazi mbili: kukutetea ukipingwa, na kupinga mwingine anapoleta jina linalofanana na lako.

*Anaandika barua ya onyo.* Ukiiga jina la mtu, au mtu akiiga lako, jambo la kwanza mara nyingi ni barua, siyo kesi. Barua yenye namba ya usajili ndani yake ina uzito. Bidhaa bandia zinaweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Maombi ya BRELA yanafanyika kwa mtandao, na ukiwa na namba ya NIDA na kampuni au jina la biashara unaweza kuanza mwenyewe. Lakini kama fedha inatosha kumlipa wakili kwa kazi moja tu, mlipe kwa hizo mbili za kwanza: kuchuja na kutafuta. Huko ndiko watu wanakopoteza hela, kwa kuchapisha viroba elfu kadhaa vyenye jina la mtu mwingine.

Utampataje? Maadili ya uwakili yanawabana sana kujitangaza, kwa hiyo usisubiri kuona bango barabarani. Uliza Chama cha Mawakili Tanganyika, na ukipata jina lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kuona kama ana leseni hai. Muulize wazi: umeshafanya maombi mangapi ya alama? Wakili mzuri wa ardhi si lazima awe mzuri wa alama.

Tangazo nalo lina sheria

Ukishapata jina, utataka kulitangaza redioni, kwenye WhatsApp na kwenye kifungashio chenyewe. Angalia haya:

- Usidai usichoweza kuthibitisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Unga wa lishe ni chakula. Ukiandika kwamba unatibu presha au kisukari, umejiingiza kwenye habari za dawa, na hapo huna pa kujificha.
- Kilo ziwe kilo. Tumepiga kelele miaka mingi kuhusu lumbesa kwa sababu inamwibia mkulima. Kiroba kilichoandikwa kilo 25 chenye kilo 23 ni lumbesa iliyogeuzwa, na Wakala wa Vipimo watakukuta.
- Bahati nasibu inahitaji kibali. "Nunua kumi upate moja" ni punguzo la kawaida. Lakini "nunua kiroba uingie kwenye droo ya pikipiki" ni mchezo wa bahati, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Omba kibali kwanza.
- Wimbo na picha vina wenyewe. Usichukue wimbo wa msanii ukauweka kwenye tangazo bila ruhusa. Na picha ya mama aliyebeba unga wako sokoni, mwombe mwenyewe, ikiwezekana kwa maandishi.

Mitego ya huku kwetu

Mtego wa kwanza ni wa wakala. Unampa mtu wa mjini kazi ya kukusambazia, yeye anasajili jina kwa jina lake. Sajili kabla ya kumpa mzigo, na mkataba uandike kwamba jina ni lako.

Wa pili ni wa mchoraji wa lebo. Mwandikiane kwamba ukishamlipa, mchoro na haki zake vinahamia kwako.

Wa tatu ni wa kikundi. Mko kumi, jina linasajiliwa kwa jina la mwenyekiti kwa sababu yeye ndiye mwenye simu janja. Mkigombana, jina linaondoka naye. AMCOS au kampuni inaweza kumiliki mali, basi iwe ndiyo mmiliki.

Wa nne ni wa mpaka. Cheti cha BRELA kinaishia Kasesya. Ukivuka kwenda Mbala, Zambia, usajili ni wa PACRA. Hata Zanzibar ina usajili wake. Kama unalenga masoko hayo, panga mapema.

Wa tano ni wa kulala. Jina lililosajiliwa bila kutumika miaka mitatu mfululizo linaweza kuombewa lifutwe. Litumie.

Anza na hili wiki hii

Andika majina matatu unayoyapenda kwenye daftari. Futa kila lenye neno la bidhaa, sifa au mahali. Lililobaki, litafute kwenye mfumo wa BRELA, litafute na madukani Sumbawanga. Hesabu gharama za maombi pamoja na gharama za viroba, siyo baada ya viroba. Hifadhi risiti, picha za vifungashio na tarehe ya mauzo ya kwanza, kwa sababu siku ya ubishi hivyo ndivyo vitakavyosema.

Mahindi yakiliwa na panya, mwakani utalima mengine. Jina likishaenda kwa mwingine, unaanza upya kumfundisha mteja wewe ni nani.

Mwenye swali anikute ofisi ya kata siku za gulio, aje na kifungashio chake mkononi tukiangalie pamoja. Kazi njema.