Blanketi la viraka: Lishone ukijua hatari zake

Na DAKTARI WETU

BARIDI ya Julai huwakuta akina nyanya wengi hapa Nairobi wakiwa na sindano mkononi, wakimtayarishia mjukuu blanketi la viraka. Ni zawadi isiyo na gharama kubwa, kwani mashati ya pamba yaliyochakaa, shuka kuukuu na mabaki ya leso yanatosha. Hata hivyo, blanketi lililoshonwa au kutumiwa vibaya laweza kumdhuru mtoto.

Chagua pamba tupu. Nailoni na poliesta huzuia jasho kukauka, na mtoto huota vipele vya joto shingoni na mgongoni. Kila kitambaa, kiwe kipya au cha mitumba, kifuliwe kwa maji moto na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Kufua huondoa dawa za kiwandani zinazowasha ngozi. Leso yenye rangi iliyokoza isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, iweke kando, maana mtoto atainyonya. Vifungo na zipu vitolewe vyote.

Kata viraka 36 vya mraba, kila upande sentimita 17. Kila mshono ukila sentimita moja, kiraka kitabaki na sentimita 15. Unganisha viraka sita kwa mstari, kisha mistari sita pamoja, nawe utapata blanketi la sentimita 90 kila upande. Kata shuka ya ukubwa wa viraka vilivyounganishwa, na flana moja nyepesi ya kuweka katikati. Usijaze sponji.

Tandaza flana. Juu yake weka shuka, upande mzuri ukitazama juu, kisha viraka, upande mzuri ukitazama chini. Shona kuzunguka ukiacha mwanya wa sentimita 20, geuza, halafu ufunge mwanya huo kwa mkono. Mwishowe pitisha cherehani juu ya mistari ya viraka ili flana isijikunje ndani.

Wako wanaoshikiza kwa vifundo vya uzi wa sufu. Mimi sikubaliani nao. Uzi uliolegea huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga na kuzuia damu, huku mama akidhani analilia njaa. Mtoto akilia bila kunyamaza, mvue soksi umtazame vidole. Pini nazo zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake.

Sasa matumizi. Blanketi hili ni la kutandika sakafuni ili mtoto alalie tumbo akiwa macho nawe ukimtazama, au la kumfunika mapajani pako, uso wake ukiwa wazi. Si la kumfunika akilala. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi lililolegea, kwani likimwangukia usoni hana uwezo wa kujifunua. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka wa 1991, Marekani mwaka wa 1994, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua sana katika nchi hizo. Najua akina nyanya watapinga, maana wao waliwafunika watoto gubigubi. Usiku wa baridi mvike nguo mbili tatu nyepesi. Na jiko la makaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua familia nzima.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo imo kabatini. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo mara nyingi hutengenezwa kwa naftalini. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana kwa jamii zinazotoka maeneo ya malaria, kama Pwani na kando ya Ziwa Victoria. Mtoto kama huyo akifunikwa nguo zilizohifadhiwa kwa naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika, na umanjano unaofuata ukaharibu ubongo. Hifadhi blanketi likiwa kavu, ndani ya mfuko wa kitambaa, bila vidonge hivyo. Ukiona macho ya mtoto yamegeuka manjano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mpeleke hospitali siku iyo hiyo.