Tangazo la ndege lilivyomzindua Pretty Yende

PRETTY Yende, mzawa wa Piet Retief, Afrika Kusini, alikuwa na umri wa miaka 16 aliposikia wimbo wa opera katika tangazo la shirika la ndege kwenye runinga. Kesho yake alimuuliza mwalimu ule ulikuwa muziki gani.

Alisomea uimbaji katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mnamo 2009 akatwaa ushindi wa Belvedere jijini Vienna, Austria. Lakini mtihani halisi ulimkabili Januari 2013. Jumba la Metropolitan la New York lilimwita kujaza pengo la mwimbaji aliyejiondoa katika opera ya Rossini, "Le Comte Ory". Alikuwa na takriban wiki moja tu kuhifadhi nafasi hiyo, tena kwa Kifaransa. Hapo sauti tamu pekee haifui dafu.

Usiku wa kwanza, alipoingia jukwaani, alijikwaa akaanguka. Aliinuka, akaimba hadi tamati, na ukumbi ukamshangilia.