Mbezi ipi? Jinsi ya kuandika maelezo ya zana ya ramani kwa wakala wa akili mnemba

Mtu anaandika kwenye simu: "Nitafutie duka la dawa karibu na Mbezi litakalokuwa wazi saa mbili usiku." Mkazi wa Dar es Salaam akisikia hivyo atauliza kwanza, Mbezi ipi? Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, karibu na bahari. Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, kwenye stendi ya mabasi ya Magufuli. Wakala wa akili mnemba asipoelekezwa kuuliza, huenda akachagua moja na kuendelea na kazi.

Wakala ni programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, kisha inaamua yenyewe itumie zana gani kuikamilisha. Zana ya kutafuta mahali hupekua hifadhi ya ramani, kwa mfano OpenStreetMap iliyoanzishwa mwaka 2004, na kurudisha orodha ya majina, mahali yalipo na, zikiwapo, saa za kazi. Wakala haoni ramani yenyewe. Anachopata ni maelezo tuliyomwandikia: jina la zana, kazi yake na vigezo inavyohitaji. Itifaki ya MCP, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, imeweka utaratibu wa kupanga maelezo hayo. Lakini utaratibu haumwandikii mtu sentensi nzuri, na hapo ndipo wasanidi wengi wanapolegea. Wanaandika "Hutafuta maeneo kwenye ramani" na kufunga faili.

Kwa binadamu sentensi hiyo inaweza kutosha, maana atajaribu, ataona alama imeangukia baharini, atarekebisha. Wakala anaona tarakimu tu.

Dar es Salaam iko takriban latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Kiwango cha GeoJSON, cha kuandika data za ramani, kinataka longitudo itangulie, ilhali Leaflet, programu inayochora ramani nyingi za tovuti, huanza na latitudo. Tarakimu hizo zikipinduliwa, utafutaji unahamia magharibi mwa Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka, unahamia kusini mwa Ethiopia. Mashine haitalalamika, kwa sababu kote huko ni nchi kavu na kuna watu wanaonunua dawa. Nairobi ikipinduliwa inaangukia baharini, kati ya Hispania na Algeria. Huko orodha inarudi tupu, na wakala anamjibu mtu aliyesimama katikati ya jiji kwamba hakuna duka la dawa karibu naye.

Kwa hiyo usiandike "weka mahali". Tenga vigezo viwili, kila kimoja na jina lake, halafu andika: "Latitudo kwa desimali, kusini mwa Ikweta ni hasi. Mfano wa Dar es Salaam: -6.8." Mfano mmoja wenye tarakimu halisi huepusha makosa mengi kuliko aya nzima ya ufafanuzi.

Orodha tupu inahitaji maelezo yake pia. Ramani za miji yetu zimechorwa kwa sehemu kubwa na watu waliotembea mtaa kwa mtaa. Tandale, jijini Dar es Salaam, ilichorwa mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa kuchora maeneo ya jiji hilo yanayokumbwa na mafuriko. Mtaa ambao hakuna aliyeupitia huonekana mtupu hata kama una maduka kumi. Wakala asipoambiwa hilo atafanya moja kati ya mawili: atasema duka halipo, au atatunga jina linalofanana na la kweli. Hili la pili linanitisha zaidi, kwa sababu mtu mwenye mtoto mwenye homa ataondoka nyumbani usiku kulifuata. Mwandikie wazi: "Orodha ikiwa tupu, sema ramani haina kumbukumbu ya eneo hilo. Usitaje duka ambalo halikurudishwa na zana." Tena utenganishe orodha tupu na ombi lililokataliwa. Huduma ya wazi ya Nominatim, inayotafuta mahali kwenye OpenStreetMap, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya ombi 1 kwa sekunde, na wakala mwenye haraka anaweza kutuma kumi kwa mkupuo.

Sasa saa mbili usiku. Kwetu ni 20:00. Wakala aliyefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza anaweza kuisoma 02:00, akakosa maduka yote yanayofungwa saa tatu usiku. Maelezo yaseme kwamba zana hupokea saa kwa mfumo wa 24, na kwamba saa inayotajwa kwa Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko kwa mchana na machweo kwa usiku: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Mistari miwili tu, ila sijaiona katika zana nyingi zinazodai kuhudumia Afrika Mashariki.

"Duka la dawa" nalo lina mambo yake. Tanzania ina famasi na ina duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ambalo linaruhusiwa kuuza dawa zilizo katika orodha maalumu. Kama zana haitofautishi, iseme. Iseme pia kama umbali ni wa mstari ulionyooka, maana kutoka Kivukoni hadi Kigamboni, ng'ambo ya maji, ni karibu sana kwa macho, ila bila pantoni utazunguka hadi Daraja la Nyerere. Na kwa kuwa majina na maelezo kwenye ramani ya wazi huandikwa na yeyote, wakala aambiwe kuyachukua kama taarifa, kamwe si kama amri ya kutekeleza.

Msanidi, kabla hujaitoa zana yako, mpe maelezo hayo mtu ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam. Usimwonyeshe ramani. Msomee lile ombi la Mbezi, kisha mwambie ajaze vigezo kwa kalamu. Kila mahali atakapokuuliza swali, rudi ukaandike jibu lake.