VITU VYA AJABU JUU YA BAHARI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Usiku bwenini wenzangu hupenda kubishana juu ya visahani virukavyo. Wengine hudai kuwa vyatoka katika nyota za mbali. Wengine hucheka tu. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi Wamarekani walivyolichunguza jambo hili, maana wametumia hesabu zile zile tunazofundishwa darasani.

Mnamo Novemba 2004, marubani wa manowari ya ndege iitwayo Nimitz walikuwa mazoezini juu ya Bahari ya Pasifiki, upande wa California. Waliona kitu cheupe kisicho na mabawa kikienda huku na huku kwa upesi. Mpaka leo hakijapatikana kielezo kilichokubaliwa na wote.

Mwaka 2015, juu ya Atlantiki, ndege nyingine ya jeshi hilo la majini ilipiga sinema ya kitu kilichoonekana kupita mbio sana karibu na maji. Wataalamu wa NASA waliichunguza, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2023. Katika sinema mlikuwa na tarakimu zilizoonyesha urefu wa ndege kutoka baharini, pembe ya kamera, na umbali wa kitu chenyewe. Kwa hesabu za pembetatu waligundua kuwa kitu kile kilikuwa juu kiasi cha mita 4,000, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 64 tu kwa saa. Iliyokwenda mbio ni ndege! Ndivyo miti ya kando ya barabara ionekanavyo kukimbia tukiwa ndani ya basi. Nchi kavu tunajua kuwa mti haukimbii. Lakini juu ya bahari hapana alama ya kulinganishia, na jicho hudanganyika.

Taarifa ya serikali yao ya mwaka 2021 ilihesabu habari 144 za namna hii. Moja tu ilitambuliwa kwa hakika: lilikuwa puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Nyingi zilizobaki zilikosa vipimo vya kutosha. Lakini kutojua kitu si ushahidi kwamba kimetoka nyota nyingine.

Tena liko jambo la hatari. Marubani wengi walinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, hata mwaka 2019 jeshi likaanza kutengeneza utaratibu mpya wa kupeleka habari. Hata puto tu likigongana na ndege laweza kuua watu. Basi, anayesema ameona tusimcheke, wala tusimwamini upesi. Kwanza tumwulize: ulikuwa wapi, saa ngapi, na ulipima nini?