Mtungi Mmoja wa Mifupa

Katika jumba la makumbusho mjini Berlin kuna kikombe cha udongo kilichotengenezwa Athens yapata mwaka 500 KK. Katika mchoro ulio ndani yake, Achilles, shujaa wa vita vya Troy, amechutama akimfunga bendeji mwenzake Patroclus aliyechomwa mshale mkononi. Patroclus amegeuza uso pembeni, meno yanaonekana kwa uchungu. Ana ndevu, Achilles hana.

Ndevu hizo zina maana. Athens ya enzi hizo ilizoea mapenzi ya mwanamume mkubwa na kijana: mkubwa ndiye apendaye, mdogo ndiye apendwaye. Basi wasomi wakaulizana, kati ya hawa wawili nani alikuwa nani? Aeschylus, katika tamthilia yake *Myrmidons*, alimfanya Achilles kuwa apendaye. Plato akaandika kuhusu karamu ambamo mgeni mmoja, Phaedrus, anampinga: Achilles alikuwa mdogo kwa umri na hajaota ndevu, itakuwaje awe yeye apendaye? Xenophon naye akamnukuu Socrates akikana kabisa: walikuwa wandani tu. Mnamo 345 KK, mwanasiasa Aeschines aliiambia mahakama kwamba Homer, mtunzi wa utenzi wa *Iliad*, alilifumba jambo hilo kwa sababu mwenye elimu angeelewa bila kuambiwa.

Na Homer mwenyewe? *Iliad* ina vitabu 24, na hakuna kinachowaita wapenzi. Kitabu cha 9 kinasema kila mmoja alilala na mwanamke wake. Lakini habari za kifo cha Patroclus zinapofika, katika kitabu cha 18, Achilles anajimwagia vumbi kichwani na kugaagaa chini, hata mpiganaji mwenzake Antilochus anamshika mikono asije akajikata koo. Katika kitabu cha 23 mzuka wa Patroclus unamjia usingizini na kumwomba mifupa yao iwekwe pamoja katika mtungi mmoja wa dhahabu.

Utenzi huo ulitungwa karne kadhaa kabla ya wasomi hao. Walichofanya ni kuupima kwa desturi za mji wao, wakagombania cheo ambacho mtunzi hakukitaja. Sisi nasi tunausoma kwa macho ya zama zetu. Ukimsikia mtu akiapa kwamba Homer aliwaita wapenzi, au kwamba alikana, mwombe akuonyeshe kitabu na mstari. Hatauona. Ataukuta mtungi.