PAMPU YA STELINGI IKIFA: BADILISHA BILA KUCHOMA MTAJI WA BIASHARA

Ndugu mfanyabiashara, kama unabeba mzigo kwa pikapu ya zamani, hii ni ya kwako. Gari likilala gereji wiki nzima, mtaji unalala nalo na wateja wanahamia kwa mwingine. Nyanya zenyewe hazilali, zinaoza.

Mimi nafanya biashara ya mboga. Nachukua karoti, kabichi na nyanya Lushoto, napeleka Dar. Gari langu ni Toyota Hilux ya dizeli, ya miaka ya 90. Anayeijua barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo anajua ninachosema: kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Ukiwa na mzigo nyuma, pale hutaki usukani unaogoma katikati ya kona. Pampu yangu ya pawa stelingi ilipokufa, fundi wa kwanza aliniambia nibadilishe boksi zima la stelingi, kitu cha bei kubwa kuliko pampu. Boksi lilikuwa zima. Hapa naeleza jinsi tatizo lilivyopatikana na kazi ilivyofanyika, ili siku ikikufikia usipigwe.

PAMPU INAFANYA KAZI GANI?

Pampu inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Inavuta haidroliki kutoka kwenye kikopo chake, inaisukuma kwa presha kubwa kwenda kwenye boksi la stelingi, halafu haidroliki inarudi kikopo kile kile. Presha hiyo ukizungusha usukani mpaka mwisho inapita hata mara ishirini ya upepo wa tairi lako. Ndiyo maana unakata kona kwa mkono mmoja wakati gari lina magunia nyuma.

Pampu ikifa, usukani bado unageuka, ila unageuka kwa nguvu zako mwenyewe. Kwenye barabara iliyonyooka unaweza usione tofauti kubwa. Kwenye kona kali, sokoni kwenye foleni, au ukitaka kukwepa bodaboda ghafla, hapo ndipo utaiona.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Pampu inalia. Ukikata kona unasikia mlio kama wa kuguna, unaongezeka ukikanyaga mafuta. Mlio wa kelele kali kama filimbi mara nyingi ni mkanda unaoteleza, siyo pampu.

2. Usukani mzito gari likiwa sailensa, ukiongeza mafuta unalainika. Mara nyingi hiyo ni pampu iliyochoka au mkanda uliolegea.

3. Haidroliki inapungua kila siku mbili tatu. Haipotei hewani, kuna mahali inavuja.

4. Haidroliki ina povu. Kuna upepo unaingia, mara nyingi kwenye mpira wa kuvutia au kibano chake.

5. Haidroliki nyeusi yenye vumbi linalong'aa kama fedha. Hicho ni chuma. Kuna kitu kinasagika ndani, na pampu ni ya kwanza kushukiwa.

Gari langu lilikuwa na ya kwanza, ya tatu na ya tano kwa pamoja.

KABLA HUJATOA HELA YA PAMPU, KAGUA HAYA

Fundi akikwambia "hii pampu imekufa" au "boksi limekwisha", mwombe akuonyeshe. Fundi mzuri hachukii. Muombe mfuate mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa:

- Upepo wa tairi za mbele. Tairi laini inafanya usukani uwe mzito hata kwa gari zima.

- Kiwango cha haidroliki. Ikiwa chini, ongezeni kwanza, halafu mtafute inapovujia.

- Mkanda. Uangalie kama una nyufa, umelowa oili au umelegea.

- Mipira na maungio. Futeni kwa kitambaa, washeni injini, mtu mmoja azungushe usukani, mwingine aangalie kwa tochi. Mkono usipitishwe juu ya mpira wa presha kutafuta tundu. Haidroliki inayotoka kwa presha inaweza kupenya ngozi.

- Nyanyueni tairi za mbele kwa jeki, wekeni stendi, zimeni injini, zungusheni usukani. Ukiwa mgumu au unakwama hata tairi zikiwa hewani, shida iko kwenye boljointi, maungio au boksi lenyewe. Ukigeuka vizuri hewani lakini gari likiwa chini injini inawaka usukani ni mzito, shida iko upande wa haidroliki.

Kwa gari langu, usukani uligeuka vizuri tairi zikiwa hewani, mipira ilikuwa mikavu, mkanda mzima. Haidroliki ilikuwa inachuruzika nyuma ya puli ya pampu, kwenye sili ya shafti. Shafti yenyewe ukiishika puli na kuitikisa, inacheza. Sili ikivuja peke yake unaweza kununua seti ya sili na oringi ukaokoa pampu. Lakini shafti ikicheza na chuma kikionekana kwenye haidroliki, sili mpya hazidumu. Hapo unabadilisha pampu.

KUNUNUA: NENDA NA YA ZAMANI MKONONI

Dar spea hizi nyingi utazipata Gerezani, Kariakoo, na Ilala. Una njia tatu: mpya ya kampuni, mpya ya bei nafuu, au iliyotumika kutoka nje. Kwa pikapu ya zamani, iliyotumika ya kampuni yenyewe inaweza kuwa nzuri kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Lakini ikague:

Zungusha shafti kwa vidole. Inatakiwa izunguke laini, isikwaruze wala isikwame. Itikise juu chini, isicheze. Angalia sehemu ya sili kama imelowa. Angalia nyuzi za mahali pa bolti ya mpira wa presha, zikiliwa hiyo pampu itavuja maisha yake yote.

Halafu iweke sambamba na ya kwako. Kuambiwa "ni ya Hilux" hakutoshi, Hilux ziko za injini nyingi. Linganisha matundu ya bolti, upande mpira unapoingia, ukubwa wa puli na idadi ya mifereji yake. Duka la kwanza nilipewa pampu ambayo mwili wake ulifanana kabisa na wangu, ila puli ilikuwa na mfereji mmoja na yangu ina miwili. Nikairudisha pale pale kaunta kabla ya kulipa. Andikisha risiti yenye neno kwamba utaruhusiwa kurudisha isipoingia. Muuzaji akikataa kuandika, kuna maduka mengine jirani.

Ukiwa hapo hapo nunua na hivi: washa mpya za shaba za bolti ya mpira wa presha, vibano vipya vya mipira ya chini, mkanda kama wa zamani una nyufa, na haidroliki. Hilux nyingi za zamani zinatumia ATF ya Dexron II au III, soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Mfumo unabeba kiasi cha lita moja hivi, lakini chukua lita mbili au zaidi maana utahitaji ya kusafishia. Oili ya injini usiweke, na ya breki usiweke kabisa, itaharibu sili zote.

KAZI YENYEWE

Hata kama huishiki spana, simama pale uangalie. Injini iwe imepoa, na betri itolewe waya wa hasi.

1. Nyonya haidroliki ya zamani kwenye kikopo kwa bomba la sindano kubwa au mpira. Weka kidumu chini cha kukinga.

2. Legeza nati ya puli kabla hujalegeza mkanda, maana mkanda ndio unaoishikilia puli isizunguke. Ukianza na mkanda utahangaika.

3. Legeza mkanda, utoe.

4. Fungua mpira wa kuvutia, halafu bolti ya mpira wa presha. Funika midomo ya mipira kwa nailoni safi. Mchanga kidogo tu ukiingia, pampu mpya inaanza kufa siku hiyo hiyo. Alteneta ikiwa chini, ifunike pia isimwagikiwe.

5. Fungua bolti za pampu, itoe. Bolti zipange kwa mpangilio, maana nyingine ni ndefu na nyingine fupi.

6. Safisha mfumo. Hatua hii mafundi wengi wa haraka wanairuka, na ndiyo inayoua pampu mpya. Chuma kilichosagika kwenye pampu ya zamani bado kiko kwenye kikopo, mipira na boksi. Osha kikopo, kikiwa na chujio ndani lisafishe. Mpira wa kurudishia uelekeze kwenye chupa, uzibe tundu lake kwenye kikopo, na pampu ikishafungwa mimina haidroliki mpya huku tairi za mbele ziko hewani na mtu anazungusha usukani taratibu, injini imezimwa. Endeleeni mpaka inayotoka iwe safi.

7. Funga pampu mpya, bolti zote kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe. Washa za shaba mpya pande zote mbili za bolti ya presha. Hamisha puli, funga mkanda. Ukibonyeza katikati ya mkanda kwa dole gumba ushuke kama sentimita moja. Ukikazwa kupita kiasi unakula beringi, ukilegea unateleza.

TOA UPEPO, USIKIMBILIE KUWASHA

Pampu mpya ikizungushwa kavu inajikwaruza yenyewe. Jaza kikopo, tairi bado ziko hewani, injini imezimwa. Zungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho taratibu, kama mara kumi na tano hadi ishirini, mwenzako akiongeza haidroliki kila inaposhuka. Mapovu yakipungua, rudisha waya wa betri, washa injini, acha sailensa, zungusha tena taratibu. Ukifika mwisho usishikilie usukani zaidi ya sekunde chache, hapo ndipo presha na joto vinapanda.

Ikiwa haidroliki bado ina povu jeupe, zima, subiri povu litulie, rudia. Ikitulia, shusha gari, angalia kiwango, kagua maungio yote kwa tochi. Zungukeni mtaani bila mzigo, mkaguane tena. Siku ya pili asubuhi angalia chini ya gari kabla ya kupakia. Haidroliki chafu peleka gereji wanakokusanya oili chakavu, usimwage mtaroni.

"KATA MKANDA TUENDE HIVYO HIVYO"

Utaambiwa hivi njiani. Kwanza, kwenye baadhi ya injini mkanda huo huo unazungusha vitu vingine, wota pampu au alteneta. Ukiukata, injini inachemka au betri inakwisha. Pili, kama mkanda ni wa pampu peke yake, gari litatembea kweli, lakini kwa usukani mzito. Likiwa tupu, mwendo wa pole, mpaka gereji ya karibu, sawa. Kushuka mlima na tani ya karoti, hapana. Shusha mzigo, kodi gari la mwenzako. Faida ya safari hiyo itapungua, lakini utakuwepo safari ijayo.

SASA HESABU

Chukulia safari moja inakuachia faida ya shilingi 150,000 na unaenda mara mbili kwa wiki. Gari likilala wiki moja, 300,000 imekwenda kabla hujagusa spea wala fundi. Kwa hiyo pampu ya bei rahisi itakayokulaza tena baada ya mwezi siyo rahisi.

Mimi kila safari natoa 10,000 naiweka kwenye namba ya simu ambayo siitumii kwa kitu kingine. Hiyo ni hela ya gari, siyo ya mboga. Kwa safari nane za mwezi ni 80,000. Pampu ilipokufa sikugusa mtaji wa mzigo, na siku gari lilipotoka gereji nilikuwa na hela ya kwenda kununua karoti.

Na kila Jumapili fungua boneti dakika tano: haidroliki, mkanda, mipira, rijeta, oili. Haidroliki ya stelingi ikianza kuwa nyeusi, ibadilishe. Lita moja au mbili ni hela ndogo sana ukiilinganisha na pampu.

Una mwenzako anabeba mzigo kwa pikapu ya zamani? Mtumie hii kabla gari lake halijaanza kuguna.